Otylie na Ngazi za Kaskazini

Mahakama ya Kaunti ya Orrin ina nyuso mbili zinazofanana, na tangu ijengwe hajapatikana mtu wa kukubali kwamba upande wake ndio mgongo. Sisi wa kaskazini tunasema jengo linatutazama sisi na reli. Wa kusini wanasema linawatazama wao na barabara ya zamani ya mikokoteni. Simama upande wowote, utaona mambo yale yale: nguzo nne za mawe ya chokaa, milango mirefu ya mwaloni, madirisha yenye matao, na juu kabisa saa kubwa. Saa ni mbili. Kila upande ulinunua yake, na hazijawahi kupatana.

Wifi yangu Otylie Kubat, ambaye watu wote walimwita Tillie isipokuwa baba yake, aliishi umri wake wote chini ya saa ya kaskazini. Nyumba yetu imesemwa sana kwa ajili yake. Mengi ni uongo, na yaliyo kweli yamesemwa na watu wasio na adabu. Kaka yake, mume wangu Vilem, ameshafariki, na mimi ndiye niliyebaki na jina la Kubat katika mji huu. Basi afadhali yasemwe na mimi.

Watu wa Kentucky ndio waliotangulia kufika sehemu hii ya Kansas, kwa mikokoteni, wakakaa kusini. Wabohemia, wahamiaji wa Kicheki, walikuja baadaye kwa treni, wakashuka penye kituo na hawakuona sababu ya kwenda mbali zaidi. Ilipofika siku ya kujenga mahakama, makamishna waligawanyika sawa kwa sawa juu ya uso wa jengo uelekee wapi. Husimuliwa kwamba mchoraji wa ramani, mgeni aliyechoka na kelele zao, aliikunja karatasi yake kabla wino haujakauka, na alipoifungua, upande wa pili ulikuwa umejichapa wenyewe. Akawaonyesha, wakakubali, akapanda treni ya jioni. Kama ni kweli sijui, ila jengo limekaa hivyo hivyo.

Ndani, ghorofa ya chini imekatwa katikati na chumba cha kumbukumbu chenye kuta nene za mawe, kisichopitisha moto wala mtu. Kwa hiyo ukiwa katika ukumbi wa kaskazini na unataka kwenda wa kusini, ama utoke nje ulizunguke jengo, ama upande juu, upite katikati ya chumba cha kesi, ushuke upande wa pili. Watu wengi wa Orrin wamezaliwa na kuzikwa bila kufanya lolote kati ya hayo mawili.

Kila ukumbi una ngazi pacha. Zinaanza mbalimbali, moja kushoto na nyingine kulia, zinajipinda kama pembe za ng'ombe, kisha zinakutana juu kwenye kibaraza, mbele ya mlango wa chumba cha kesi. Zile za kaskazini alizichonga babu yake mume wangu, František Kubat, aliyeleta patasi zake kutoka kwao akiwa amezifunga ndani ya soksi. Kila kidato kina ukingo wa mviringo uliopigwa msasa mpaka ukawa kama sabuni iliyotumika. Za kusini zilichongwa na mtu mwingine. Ni ngazi tu.

Wabohemia wetu wengi hawakuwa watu wa kanisa lolote, kwa hiyo waliozana mahakamani, na ngazi zile ndizo zilizokuwa kanisa lao. Bibi harusi hupanda ya kushoto, bwana harusi ya kulia, na wazazi hubaki chini. Anayefika kwanza humsubiri mwenzake pale juu, wala hashuki, kwa maana kushuka ni kuivunja ndoa kabla haijafungwa. Jaji akishawaoza, wanashuka pamoja kwa ngazi ya mwanamume, mke upande wa ukutani, mume upande wa nje. Hata watu wa kusini, mchungaji wao anapokataa kuwaoza kwa sababu yoyote ile, hufanya vivyo hivyo upande wao. Nani alimwiga nani, hayo ni magomvi mengine.

Tillie alikutana na Dorsey Pruitt miaka michache baada ya vita kuu ya pili, kwenye dansi katika ukumbi wa Wabohemia. Dorsey alikuwa mtoto wa Amos Pruitt wa Barabara ya Kinu, kusini kabisa, dereva wa lori la ngano. Vilem, aliyekuwa kijana wakati huo, alinisimulia kwamba yule bwana alicheza polka kama mtu anayeua siafu. Dada yake akamwambia, "Wewe, tazama miguu yangu, usitazame yako." Akafanya hivyo mpaka ukumbi ulipofungwa.

Mchungaji wa akina Pruitt hakutaka kumwoza kijana wake kwa binti asiyebatizwa. Haikuwa shida, mahakama ipo. Wakakubaliana siku, wakakubaliana saa. Mlango hawakuutaja, kwani nani hutaja jambo linalojulikana na kila mtu? Kwetu, harusi ni ya nyumba ya bibi harusi, na mlango ni wa kwao. Kwa akina Pruitt, mwanamume humwingiza mke kwa mlango wa kwao, la sivyo atachekwa mpaka wajukuu. Kila nyumba ilidhani dunia nzima inafanya kama wao.

Siku yenyewe mvua ilinyesha kuanzia asubuhi. Tillie alipanda ngazi ya kushoto akiwa na gauni la buluu alilolishona mwenyewe. Ndani ya chumba cha kesi palikuwa na kesi ya maji ya mto iliyokuwa imejikokota wiki nzima, na jaji alikuwa amemwambia bawabu, "Wakiwa wawili, niite." Siku za kesi mlango wa kusini ulitiwa komeo ili mashahidi wasipenye. Bawabu akachungulia wa kaskazini, akamwona bibi harusi peke yake, akarudi kukaa. Akachungulia tena. Bibi harusi peke yake.

Wenye kesi wakatoka, wakampita. Wazee wa baraza wakatoka, wakavua kofia, wakampita. Baba yake, Václav, alikuwa chini na mama na Vilem na sinia ya kolache za plamu, vile vikate vitamu vya Kibohemia, iliyofunikwa kitambaa. Saa ya kaskazini ikagonga na kugonga. Mwishowe mfagiaji akaja na ufunguo. Hapo baba akapanda ngazi ya kulia, ile ya mwanamume, akamshika binti yake mkono, akamshusha.

Niseme hapa jambo moja. Habari za upande wa pili zilitufikia. Kabla ya wiki kwisha nyumba yetu ilisikia kwamba akina Pruitt wanasema kijana wao ndiye aliyeachwa, kwamba alisimama kutwa nzima kwenye kibaraza akimngoja binti wa Kibohemia asiyekuja. Baba mkwe akasema, "Uongo wa watu walioaibika." Nao akina Pruitt waliposikia tunachosema sisi, wakasema hivyo hivyo, nadhani kwa maneno yale yale. Kila nyumba ilishika ukweli wa nyumba nyingine mkononi, ikautupa. Sisemi baba mkwe alikosea. Alikuwa mtu wa heshima, na mtu wa heshima haendi kuchungulia mlango wa watu. Alipiga marufuku jina la Pruitt mezani, na nilipoolewa katika nyumba ile, marufuku ilikuwa ingali hai na nzima. Dorsey alikuwa keshakwenda Oregon kukata magogo.

Tillie hakuolewa. Hakuwa mtu wa kulialia. Aliomba kazi mahakamani, katika ofisi ya mweka hazina, akapewa kaunta ya namba za magari katika ukumbi wa kaskazini. Watu walishangaa kwa nini amechagua kukaa pale pale. Baba alisema ni kuonyesha kwamba Kubat haogopi macho ya mtu. Mimi niliamini hivyo pia. Kaunta yenyewe ilitazamana na ngazi ya kulia. Nilikuwa nikipita kumletea chakula cha mchana, namkuta anazungumza na mkulima huku macho yake yako kule, si kwa huzuni, kama mtu anayetazama sufuria isije ikafurika.

"Bi Tillie, namba hii ina sifuri tatu," mzee Sedláček alimwambia siku moja. "Unanitukana?"

"Nakuheshimu, bwana. Ukiwa na sifuri nyingi hakuna polisi atakayekumbuka ya kwanza ni ngapi."

"Na mke wangu akiniona nayo?"

"Yeye anazo zake za kukuhesabia."

Harusi ngapi zilipanda mbele ya macho yake, hakuna aliyehesabu. Maharusi walimpungia mkono, naye alifunga dirisha la kaunta mpaka washuke, kwa heshima, na kuwafungulia tena. Ila yeye mwenyewe hakupanda. Kama kuna hati ya kupelekwa juu, alimpa mtu mwingine. Vilem alimwuliza mara moja, nami nikisikia, kama bado anaona aibu.

"Aibu ya nini? Mimi sikushuka," akasema. "Nilishushwa."

Dorsey alirudi Orrin akiwa mjane, nywele nyeupe, mgongo umeharibiwa na magogo, akakaa katika nyumba ya mama yake Barabara ya Kinu. Tillie alikuwa karibu kustaafu, na nyonga yake ilikuwa imeanza kumtesa. Mji wetu una maduka mawili ya vyakula, moja kila upande, kwa hiyo watu wawili wanaweza kuishi humu mpaka kufa bila kukutana penye viazi. Nilimwambia kwamba amerudi, nikiona ni afadhali alisikie kwangu.

"Amenenepa?" akauliza.

"Sijui, wifi. Sijamwona."

"Basi huna habari kamili," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Kisha ikaja sheria ya lifti. Serikali ilitaka kila mahakama iwe na njia ya kumfikisha juu mtu asiyeweza kupanda, na fundi aliyeletwa akasema nafasi iko moja tu, mahali pa ngazi. Ngazi moja ya mawe lazima ivunjwe, ama kaskazini ama kusini, na pacha wake abaki peke yake. Makamishna wakaitisha kikao cha wazi. Ili wasiopanda ngazi nao waje, kikao kilifanywa katika jengo la wazima moto, na gari la kuzima moto likasogezwa nje, likielekezwa barabarani kwa tahadhari.

Nilikuwa nimejitayarisha. Nilifundisha historia katika shule ya mji huu mpaka nilipostaafu, na najua kuweka hoja. Nilikuwa na picha za František akiwa na patasi zake, na maelezo juu ya ukingo wa vidato. Vilem alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nilijiambia sitakubali kazi ya mikono ya babu yake ibebwe kwa toroli mbele ya macho yangu. Tillie alikuja na fimbo yake, akakaa mbele kando yangu. Nilidhani tumekuja kwa neno moja.

Mwenyekiti, Bi Lorraine Voss, hakuwa wa kaskazini wala kusini, alikuwa ameolewa kutoka kaunti nyingine, na sura yake ilionyesha kwamba anajuta. Maudine Tackett wa kusini ndiye aliyeanza.

"Nyinyi huko mlipewa kituo cha reli," akasema, akitutazama sisi. "Mkapewa posta. Sasa mnataka muachiwe na ngazi?"

"Kituo kimefungwa tangu enzi za marehemu baba yako, Maudine," mtu akamjibu kutoka nyuma.

"Basi mshazoea kukosa vitu. Koseni na hili."

Watu wakacheka, hata wetu. Nikasimama, nikaeleza habari za František, nikapitisha picha. Naweza kusema nilisikilizwa. Nilipokaa, Tillie alinipapasa goti.

Halafu Dorsey Pruitt akasimama. Nilimjua kwa jinsi ukumbi ulivyonyamaza. Alikuwa hajanenepa. Alishika kofia kwa mikono miwili, akawatazama makamishna tu.

"Naitwa Dorsey, wa Amos, wa Barabara ya Kinu. Mimi si msemaji kama mwalimu hapa. Ngazi zetu hazina mchongo wa maana, nakubali. Lakini nyote mnajua kilichonipata pale, na mmenicheka vya kutosha, kwa hiyo naweza kukitaja. Nilisimama juu ya kibaraza kile siku nzima, mvua ikipiga juu ya paa, na viatu vya kaka yangu vilivyokuwa vinanibana. Sikushuka mpaka walipozima taa. Kila nilipokuwa kule msituni, nikitaka kukumbuka kwetu, nilikumbuka pale. Kile kishikio cha chuma, na lile doa la unyevu juu ya mlango lenye umbo la kuku. Mkipavunja, sitakuwa na mahali pa kukumbuka. Ni hayo tu."

Tillie alikuwa amekaa wima. Alipozungumza, hakuomba ruhusa ya mwenyekiti.

"Kibaraza kipi?"

Dorsey akageuka. Nadhani hakujua kwamba Tillie yumo.

"Cha kusini, Tillie. Kipi kingine?"

 Nikasikia mtu mmoja nyuma yangu, mzee wa makamo ya Vilem, akivuta pumzi kama aliyekanyaga maji baridi. Mmoja mmoja tuliona, ukumbi mzima, kaskazini na kusini, kama watu wanaozinduka katika chumba kimoja.

"Mimi nilikuwa cha kaskazini," Tillie akasema.

"Walisema hivyo," akajibu Dorsey polepole. "Tukadhani mnajisitiri."

"Na sisi tulisikia yenu."

"Ulisimama?"

"Nilisimama. Baba alikuja kunichukua. Ulivaa nini?"

"Suti ya kahawia. Ya kaka yangu nayo."

"Ile yenye kiraka?"

"Mama alikigeuza ndani kisionekane."

Tillie akatikisa kichwa kana kwamba jambo la kiraka lilikuwa limemsumbua siku zote hizo. Bi Voss akakohoa, akauliza kwa upole kama kuna mwenye la kuongeza juu ya lifti. Tillie akainua fimbo.

"Otylie Kubat," akasema, ingawa hakuna asiyemjua. "Vunjeni ya kwetu. Ile ya kulia, ya mwanamume."

Nikamshika mkono. "Tillie, ile ni kazi ya babu."

"Najua ni kazi ya nani, wifi."

"Ndilo jina la nyumba yetu lililobaki katika mji huu. Jina la baba yako. La Vilem."

"Jina limeniweka pale kwenye kaunta miaka yote," akasema, bila ukali, kama anayenieleza njia ya kwenda dukani. "Nimekaa nikiitazama ngazi ile. Nimeitazama vya kutosha. Mtu niliyekuwa namtazamia alikuwa anapanda nyingine." Akawageukia makamishna. "Za kusini ziacheni zote mbili. Pale palisimama mtu."

Wakapiga kura siku ile ile. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya kaunti hii kwa kaskazini na kusini kupiga kura upande mmoja, na walifanya hivyo kwa kuvunja kazi ya František Kubat. Nimejaribu kulikasirikia jambo hilo. Ni vigumu.

Nje, gari la wazima moto lilikuwa linang'aa katika jua la jioni, na watu walijifanya wanalikagua ili wasikie. Dorsey alikuja mpaka penye gari letu, akasimama mbali kidogo, kama kijana.

"Sikuweza hata kukupigia simu," akasema. "Baba aliikata."

"Yetu ilikuwepo. Ila ilikuwa ya baba."

"Unajua, Tillie, ningezunguka lile jengo. Ni hatua chache tu. Lakini ukishuka..."

"Najua. Ukishuka imekwisha."

"Unapanda siku hizi?"

"Kwa nyonga hii? Nangoja lifti yao. Wewe?"

"Mgongo unakataa. Lakini nikipewa asubuhi nzima, nitafika."

"Basi wakimaliza lifti," Tillie akasema, "mimi nitapanda ya kwangu, wewe panda ya kwako. Na safari hii nitavuka. Jaji akiwa na kesi, akae nayo."

"Na nisipokukuta?"

"Utanikuta. Anayefika kwanza si anangoja?"

Dorsey akavaa kofia yake, akaivua tena kwa kuniaga mimi, akaenda zake. Njiani nilimwuliza wifi yangu kama anakusudia kuolewa, katika umri ule, na watu wanatazama. Akasema, "Nakusudia kupanda ngazi." 

Mafundi walianza kuvunja mwezi wa kumi na moja. Mawe ya František yalikuwa yamefungamana kiasi kwamba walivunja nyundo, na mmoja wao alikuja kwangu kuuliza yule mzee alitumia saruji gani. Nilimwambia hakutumia. Vidato vilivyotoka salama nilivinunua, na leo ndivyo njia ya bustani yangu. Kisha theluji ikaingia, vyuma vya lifti vikachelewa, na kazi ikalala. Tillie alipita kila wiki kutazama. Mafundi wakamzoea.

"Bi Tillie, tukikuona tunajua ni Jumatatu," mmoja akamwambia.

"Nami nikiwaona mmekaa najua hiyo hiyo," akawajibu.

Walikuwa wakionana na Dorsey? Watu wameniuliza hilo kwa macho ya kutaka zaidi. Jibu ni kwamba alikuja kwetu mara mbili kunywa kahawa, mchana, sebuleni, nami nikiwepo. Walizungumza habari za lori la ngano, za marehemu mke wake, ambaye Dorsey alimsifu, na Tillie akasikiliza sifa zile zote. Alikula kolache. Akasema zile alizoziota Oregon zilikuwa na plamu nyingi zaidi. Tillie akamwambia ndoto haziuzi plamu kwa kilo.

Dorsey alifariki mwezi wa pili, kwa homa ya mapafu, siku chache tu kitandani. Tillie alioka sinia nzima, akaipeleka mwenyewe Barabara ya Kinu, mimi nikiendesha. Maudine Tackett ndiye aliyefungua mlango. Aliipokea sinia, akasema, "Ingia, dada, usisimame nje." Kanisani tulikaa nyuma. Nilikuwa nimeishi Orrin tangu niolewe na sikuwahi kuingia katika kanisa lile. Lina dari nzuri ya mbao.

Lifti ilifunguliwa majira ya kuchipua. Palikuwa na utepe, Bi Voss akasema machache, picha zikapigwa. Tillie alisubiri mpaka watu wote watoke kwenda kunywa juisi. Alikuwa amevaa gauni la buluu, si lile, jingine la buluu. Tukaingia katika kisanduku kile chenye harufu ya rangi mpya, mahali pale pale ilipokuwa ngazi ya kulia, na tukapanda bila kusikia kitu.

Mlango ulipofunguka, alitoka kwenye kibaraza cha kaskazini, akasimama kidogo. Kisha akasukuma mlango wa chumba cha kesi. Hakukuwa na mtu. Tulipita kati ya viti vya wazee wa baraza na meza ya mawakili, juu ya zulia jekundu lililochakaa, chini ya dari iliyopakwa nyota ambazo nusu zimebanduka, na fimbo yake haikutoa sauti. Ni chumba kizuri. Sikuwahi kukiona nikitokea upande ule. Mlango wa kusini ulikuwa na komeo la shaba. Akalivuta yeye.

Kibaraza cha kusini ni sawasawa na chetu. Alitazama juu ya mlango, akalitafuta doa, na lilikuwepo, ingawa kwangu halikufanana na kuku. Akaenda penye kichwa cha ngazi ya kulia, akashika kishikio cha chuma, akatazama chini ukumbini, ambako msichana mmoja wa ofisi ya polisi alikuwa anakula donati akisoma. Alikaa hivyo muda mrefu.  Saa ya kusini iligonga juu yetu, na baadaye kidogo, kwa mbali, ile yetu.

"Turudi kwenye lifti, wifi," nikasema mwishowe. "Umesimama mno."

"Nashuka huku."

"Kwa nyonga hiyo?"

 Alikiacha kile chuma, akasogea ukutani, akaweka kiganja juu ya jiwe, akateremsha mguu mmoja. Ukutani hapana pa kushika. Nikaharakisha kwenda upande wa nje, kwenye kishikio, nimpe mkono.

"Pita nyuma, wifi," akasema.

Nikapita nyuma. Akashuka kidato kimoja, akapumzika, akashuka kingine, bega likigusa ukuta, na upande wake wa nje, ule wa mume, akauacha wazi mpaka chini.